Bega Lisilouma

Nilikuwa nikimpokelea binti yangu mipira nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Ilikuwa ndoo ya rangi ya ukuta, iliyobaki tulipopaka upya chumba cha mama yangu. Baada ya sala ya alasiri naipindua kwenye ua wetu wa nyuma hapa Ibra, Omani, nafunga abaya kiunoni, natia mkono wa kushoto kwenye glavu, na yeye anasimama kule mwisho wa ua. Anavuta pumzi. Mkono unazunguka duara zima pembeni mwa mwili, mpira unatoka chini, karibu na paja, na kabla sijajua umetoka umeshafika. Ukiingia glavuni unatoa mlio mzito. Ukiikosa unanipata mguuni.

Mchezo huu wa softiboli watu wengi hapa hawaujui, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mmoja anasimama na gongo, mwengine anamrushia mpira, na mwenye gongo anajaribu kuupiga. Basi anayerusha ndiye roho ya timu; akiwa mbovu, wenzake wote kazi yao ni kusimama juani na kutazama mipira ikiwapita juu ya vichwa. Mpira wenyewe ni mkubwa kuliko chungwa na mgumu kama kifuu. Aliuleta mwalimu mmoja wa Kifilipino anayesomesha mazoezi katika skuli ya binafsi pale mjini. Akakusanya wasichana, na wangu akarudi siku ya kwanza magoti yamechubuka na macho yanang'ara. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana kumi na tano.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mzazi wa kukaa mbali. Nilimpeleka mazoezini, nikamngoja garini na kazi za ofisi mapajani. Nilijifunza kuilainisha ngozi ya glavu kwa mafuta. Baba yake anafanya kazi Muscat na huja Alhamisi jioni, kwa hiyo mwenye ndoo nilikuwa mimi, na miguu yangu chini ya nguo ilikuwa na madoa ya kijani na zambarau ambayo mume wangu akiyaona hucheka mpaka akapaliwa. Mama yangu, aliyekuwa akizisikia kelele zile kutoka chumbani kwake, aliuliza siku moja tunatwanga nini kila jioni, na mbona hicho tunachokitwanga hakifiki mezani.

Na mtoto huyo alikuwa hodari. Hata sasa naliandika neno hilo kwa kusita. Alikuwa hodari kweli, na sikupata kulitamka mbele ya mtu.

Kwetu mtoto hasifiwi mbele za watu. Wanaojua wanajua, lakini wapo wasiojua, kama alivyokuwa hajui yule mwalimu, kwa hiyo nieleze. Mtu akikusifia mwanao, unamteremsha haraka kabla sifa haijatua. Wakisema mzuri, unasema ana masikio kama vishikio vya sufuria. Wakisema anajua kusoma, unasema hata viatu vyake bado anavivaa kushoto kulia. Wakisema mzima wa afya, unasema juzi tu alikuwa na homa. Na hili la ugonjwa ndilo kinga kubwa kuliko zote, maana nani atamwonea kijicho mgonjwa? Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake huko Unguja.

Mama ana sababu zake. Dada yangu, mtoto wake wa kwanza, alisoma Qur'ani kwenye shughuli moja angali mdogo, kabla mimi sijazaliwa. Wanawake waliokuwapo wakalia kwa sauti ile, na mama akakaa pale anatabasamu, anazipokea sifa zote moja baada ya moja. Haikupita muda dada akaugua, akafa. Daktari alisema ni homa ya matumbo. Mama hajapata kubishana na daktari. Husema tu kwamba siku ile alisahau kusema kitu.

Mimi basi nimelelewa na mwanamke aliyesahau kusema kitu mara moja, na nilikuwa nimejiapiza sitasahau. Hapa Ibra Jumatano kuna soko la wanawake watupu, na huko ndiko khabari zote za mji zinakopita. Wakiniuliza, "Binti yako bado yuko na mpira wake?" najibu, "Mpira gani, anachafua nguo tu." Wakisema wamesikia ana mkono wenye nguvu, nasema, "Mkono kama uzi wa tambi, hata ndoo ya maji haunyanyui." Na yeye amesimama hapo hapo pembeni yangu, kashika mfuko wa ndimu, anasikia kila neno. Hakununa hata siku moja. Nikidhani anaona haya, au anaumia na ananistahi. Nikirudi nyumbani nampikia anachokipenda, na roho yangu inatulia kidogo.

Majira ya baridi yaliyopita wasichana wakaambiwa kwamba mechi ya Nizwa itatazamwa na wageni kutoka Muscat, wanawake wawili wanaotafuta wasichana wa kuwafundisha pamoja na kuwapeleka kucheza nje ya nchi. Wa kurusha walikuwa wanamtaka mmoja tu. Binti yangu hakusema kwamba anaitaka nafasi hiyo. Aliacha tu kula vitamu, akawa analala mapema bila kuambiwa, na siku moja nilimkuta mbele ya kioo anazungusha mkono huku amefumba macho, midomo inacheza kama mtu anayeomba dua. Nilipoona anavyoitaka, nilirudi nyuma polepole nikaufunga mlango. Na badala ya kufurahi, niliogopa.

Tuliondoka asubuhi mapema. Mama alimfukiza, akamsomea, akamkataza kuvaa viatu vipya. "Shikamoo bibi, niombee," mtoto akasema dirishani, na mama akajibu marahaba, na kwamba ameshamwombea tangu alfajiri, asimfanye aanze upya.

Uwanja uko nje ya mji wa Nizwa, njia ya kwenda Manah, na milima imekaa nyuma yake mitupu bila hata mti. Wanawake tulikaa upande mmoja chini ya turubai, na chupa za kahawa na tende, na halua ambayo wenyeji walihakikisha hakuna anayeikwepa. Wale wageni wawili wa Muscat walikaa peke yao upande wa pili na miwani ya jua. Binti yangu akaanza kupasha mkono na msichana anayemdakia. Ule mlio. Pale uwanjani ulisikika zaidi kuliko nyumbani, na watu wakaanza kugeuka.

Pembeni yangu alikaa mama wa msichana mwengine wa timu yetu. Wao ni watu wa asili ya Pemba, na yeye ni mwanamke mwema, mwepesi wa kucheka, na mwepesi wa kulia pia. Binti yake naye anarusha. Ni wa pili baada ya wangu.

"Mashaallah," akasema, na hakusema kwa kunong'ona. "Hebu utazameni mkono ule. Wallahi leo wale wa Muscat hawana wa kumchukua ila huyu."

Wanawake wa nyuma wakanyanyua shingo. Mmoja akauliza kwa Kiarabu ni binti wa nani huyo. Mwengine akamwonesha mimi. Nikahisi macho yote ya turubai lile yanatua kwenye bega la mwanangu, na sikufikiri hata kidogo. Mdomo wangu ulifanya kazi yake wenyewe.

"Mkono gani, yakhe," nikasema. "Bega lile bovu. Jana usiku kucha kanililia, hata kulala hakulala. Nimemleta tu kwa kuwa kanishikilia."

Na nikaukunja uso wangu, na nikatikisa kichwa, na nikashusha pumzi. Nilisema vizuri mno.

Yule mama akashika kifua. "Maskini mwana wa watu. Na mwalimu anajua?"

"Ah, wacha tu."

Siku zote mambo huishia hapo. Anayesikia anajua ulichokifanya na kwa nini. Anakupa pole, mnaendelea na kahawa, na hakuna anayekwenda kumtafuta daktari. Yule ni mtu wa kwetu, na mwanawe mwenyewe huwa anamteremsha kila siku kwa maneno mabaya kuliko yangu. Angejua. Lakini na yeye ni mama wa mrushaji, na mwalimu yule alikuwa ameshatutisha sote na mabega: kwamba mtoto akirusha na bega bovu anaweza kuliharibu maisha, kama alivyojiharibia yeye la kwake ujanani, na kwamba mtu akificha atakuwa amemdhulumu mtoto wake. Yule mama alipoinuka nilidhani anafuata maji.

Nilishtukia mwalimu anamwita binti yangu. Walisimama kwenye wavu, mbele yetu hasa, na turubai zima likanyamaza kusikiliza.

"Bega linakuuma?" mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza.

"Hapana," akasema, na akacheka kidogo kwa mshangao.

"Mama yako anasema ulilia usiku kucha."

Binti yangu akageuka akanitazama. Na wanawake wote, kuanzia yule aliyeuliza ni binti wa nani mpaka wa mwisho kule nyuma, wakanitazama pia.

Nimeirudia dakika ile kichwani zaidi ya ninavyoweza kusema. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana. Ningeinuka nikasema, mwalimu, nilikuwa nasema tu, mtoto mzima. Au ningetikisa kichwa, angeona. Lakini ningeinuka mbele ya wanawake ambao nimetoka kuwaeleza kwa uso uliokunjika jinsi mwanangu alivyolia, na wangejua kwamba nimesema uongo, na wangejua kwa nini: kwamba nimewaogopa wao, macho yao, hao hao walionikaribisha halua. Niliona haya. Nikakitazama kikombe changu cha kahawa.

"Kidogo," nikamsikia binti yangu. "Linauma kidogo."

Mwalimu alimvua glavu yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyesinzia. Akampa nafasi kwenye benchi karibu na chupa za maji.

Yule wa pili ndiye aliyerusha. Hakuwa mbaya, nisimpunje. Binti yangu aliwapigia makofi kila mara, akawachukulia maji, na kila mtu aliyepita karibu alimgusa bega kwa huruma, na yeye kila mara alikumbuka kulikunja kidogo, lile lile la kulia. Alikuwa akiigiza uongo wangu vizuri kuliko nilivyousema. Mechi ilipokwisha wale wanawake wa Muscat walimwita yule mwengine, wakazungumza naye, wakapiga naye picha. Mama yake akaja mbio kunikumbatia, analia, ananiambia haki ilikuwa ya mwanangu na Mungu atamponya. Nilitaka kumchukia. Nilijitahidi sana, njia yote mpaka Izki, na sikuweza kupata sababu.

Tulisimama Bidbid, pale njia ya kwenda Ibra na Sur inapochepuka. Tulikuwa hatujasemezana ila mambo ya feni ya gari na maji. Nikaagiza chai ya maziwa na ile mikate myembamba ya jibini, tukala garini. Malori yalikuwa yanaingia na kutoka. Nilipoona hatosema, nikasema mimi.

"Kwa nini ulimwambia linakuuma?"

Alikuwa anauchana mkate vipande vipande bila kuula. "Wewe ulishasema."

"Si ungekataa."

"Niseme mama yangu muongo?" akaniuliza. "Mbele ya watu, mama?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemkumbusha mtu adabu, na adabu yenyewe nilimfundisha mimi. Nimemlea asinikatize mbele ya wageni, asinikosoe, asinitie aibuni, na siku ile alilipa kwa kitu alichokitaka kuliko vyote. Nikageukia upande wangu wa dirisha asinione. Sijapata kujiona mdogo namna ile, na bado nilimwambia ale mkate wake, utapoa.

Kesho yake nikampigia mwalimu simu. Nilijipanga, nikakaa jikoni, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba mtoto hakuwa mgonjwa.

"Hakuwa mgonjwa?"

"Hakuwa."

"Lakini ulisema ni mgonjwa."

"Nilisema ni mgonjwa ili asiugue."

"Samahani," akasema, "sijaelewa." Nikamweleza tena, habari ya jicho, na sifa, na wanawake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayetaka kumuuzia kitu. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Alisema kosa ni lake pia, kwamba angelishika bega lile kwa mkono wake na kulijaribu badala ya kuamini maneno, na hapo nikawa nina dhambi mbili. Kuhusu wageni wa Muscat, alijaribu. Wakamjibu kwamba wameshachagua.

Na nyumbani nako mambo yalikuwa yameharibika. Yule mama wa Kipemba alikuwa amempigia mama yangu simu kumpa pole ya bega la mjukuu, kisha akaleta chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Mama yangu, ambaye hila hii ndiye aliyenifundisha, alipoisikia kutoka kwa mtu mwengine aliamini papo hapo. Nikamkuta amemkalisha mtoto chini kwenye mkeka, anamkanda, nyumba nzima inanuka karafuu, na mtoto ametulia tuli na bega lake zima.

Nikamwita mama chumbani nikamwambia kweli yote. Alinisikiliza huku anajipangusa mafuta vidoleni.

"Kwa hiyo bega lake zima," akasema.

"Zima, mama."

"Basi alhamdulillahi. Si ndicho ulichokuwa ukikitaka?"

Alikuwa anauliza kweli, na jibu lolote lingemrudisha kwenye kifo cha dada yangu. Mama akarudi mkekani akamalizia kumkanda, kwa sababu mafuta yameshamiminwa.

Nikaamua nitabadilika. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikikosea upande huu, natupa kila kitu nakimbilia upande ule. Nilijiambia kwamba kwa miaka mtoto huyu amekuwa akinisikia nikimtangaza hafai, na bila shaka ndiyo sababu hakuwa na nguvu ya kusimama siku ile na kusema mimi mzima. Nikaanza kumsifia. Sokoni Jumatano, mtu akiuliza, nasema, "Anarusha vizuri sana, mashaallah." Mara ya kwanza ulimi uligoma kama nimekula kitu kichungu, na muuza ubani akanitazama akidhani nimechanganyikiwa. Lakini nikaendelea. Nilimsifia kwa majirani, kwa shangazi zake kwenye simu, kwa mwenye duka la dawa ambaye hakuuliza. Usiku nilisoma dua zote ninazozijua na ninazokumbuka nusu. Binti yangu alikuwa akinisikia, nami nikajisemea anapona.

Kisha ikaja mechi ya Sur. Ilikuwa ya kirafiki, hakuna wageni wa Muscat wala kitu cha kupoteza. Upepo ulikuwa unatoka baharini na chumvi, ukitupindulia vikombe, na mama mmoja wa Qalhat alikuwa ameleta sufuria zima la wali wa papa na kutulazimisha sote. Mwalimu alikuwa amemrudisha binti yangu mahali pake. Nilikuwa na furaha kweli siku ile, nakumbuka. Yule wa Qalhat akaniuliza wangu ni yupi.

"Yule mrefu, anayerusha," nikasema, na nikapaza sauti makusudi, maana alikuwa amesimama karibu anafunga kamba za viatu. "Ndiye bora wa timu nzima, mashaallah. Mkono wake hauna mfano. Mtazameni tu mtaona."

Akainua kichwa akanitazama. Nikampungia mkono.

Hakurusha mpira hata mmoja wa maana. Wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji, wa pili ukajikita kwenye vumbi, mwengine ukampata mpigaji kwenye nyonga mpaka akakaa chini. Alikuwa anageuza kiganja chake na kukitazama, anazungusha bega, anajaribu tena, na inakuwa mbaya zaidi. Wale wanawake walikuwa na adabu. Wakaanza kuzungumza mambo ya wali. Na mimi, Mungu anisamehe, pamoja na yote yaliyokwisha kutokea, wazo langu la kwanza lilikuwa: umeyaona sasa, umesahau kusema kitu. Mwalimu akambadilisha.

Kwenye gari alikaa bila kufunga mkanda. Wenzake walikuwa wanaingia kwenye basi upande wa pili, wanapiga kelele na kucheka. Nilikuwa sijatia gari moto.

"Mama," akasema, "mkono yangu imeharibika?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Unanisifu kwa watu."

Nikamwambia sijamfahamu. Akawa anatafuta maneno; Kiswahili chake kikipungukiwa hukijazia Kiarabu, na siku ile alichukua muda.

"Tangu mdogo, nikirusha vizuri, unasema sifai," akasema. "Sokoni, kila mahali. Ukisema mkono kama tambi, najua, leo nilikuwa mzuri sana. Saa nyingine sijui kama nimerusha vizuri, nangoja nisikie utasemaje kwa watu." Akajipangusa pua kwa mkono wa jezi. "Kisha Nizwa. Baada ya Nizwa umeanza kunisifu. Kwa kila mtu. Nikasema khalas, mama haogopi tena. Jicho haina kitu ya kuchukua."

Nilikaa nimeshika usukani. Majuto yangu yote ya siku zile nilikuwa nimeyaweka mahali pasipo pake. Nilikuwa nikijilaumu kwa maneno ambayo yeye alikuwa akiyasikia kama sifa, na nikayatoa yale, nikampa haya, na haya ndiyo yaliyomvunja. Alikuwa akinielewa siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa simwelewi mwanangu mwenyewe, niliyempokelea mipira kila jioni nikajiona mama mzuri.

"Mkono wako mzima," nikamwambia. "Hakuna mtu hapa, tuko wawili tu. Unarusha vizuri kuliko wote niliowaona."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekaribishwa chai ambayo hana haja nayo. Tukatazama basi la wenzake likiondoka. Kisha akasema kitu ambacho hakukisema Bidbid, wala mkekani kwa bibi yake, wala wiki zote zile.

"Nizwa ningechukuliwa, mama."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Kwamba hakuandikiwa, kwamba umri wake bado mdogo, kwamba wageni wale watarudi, kwamba yule mwenzake naye alistahiki kupata. Yote tunayo tayari mdomoni, na yote ni ya kumfunga mtu mdomo. Nikamtazama.

"Ndiyo," nikasema. "Ungechukuliwa. Mimi ndiye niliyekuzuia."

Akageukia dirisha akalia, kwa sauti, mabega yote mawili yanatikisika. Nikaondoa gari polepole kwa sababu ya upepo, na sikumwambia anyamaze.